Mkono Niliounyoosha Mwenyewe

Mimi ni mpasua mawe. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani anafundishwa na mwalimu. Darasa nililoishia ni la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walihitaji mtu na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilitoka Misungwi kuja mjini Mwanza nikiwa na nyundo ya kuazima. Yale mawe makubwa mnayoyapiga picha, yaliyopandana juu ya vilima, wengine waliyaona mapambo. Mimi niliyaona chakula. Tulichoma matairi chini ya jiwe mpaka likapasuka kwa moto, kisha tukalishambulia kwa nyundo hadi likawa kokoto. Macho yangu yameharibiwa na moshi ule. Lakini leo machimbo ni yangu, lori ni langu, na ghorofa kadhaa za Nyamagana zimesimama juu ya jasho langu. Sikurithi, sikuiba, sikubebwa. Nasema kwa majivuno kwa sababu ni kweli.

Mtu wa namna yangu akipata kidogo, kitu cha kwanza anachotaka ni mtoto wake asome kuliko yeye. Wanangu wamesoma kwa kiasi chao. Alipozaliwa mjukuu wangu wa kike, anayebeba jina la mama yangu mzazi, nilimwambia baba yake kule Misungwi, "Huyu nipe mimi. Huyu atasoma mpaka karatasi ziishe." Akanipa. Alipomaliza darasa la saba nikampeleka shule ya bweni ya Kikristo iliyo kilimani, inayotazama ziwa. Sitaitaja jina. Wenyewe wanajijua. Ni shule nzuri kwa macho. Kuna kanisa lenye kengele, kuna maabara, kuna uwanja uliosawazishwa vizuri, na asubuhi watoto wanaimba mpaka unasikia baridi mgongoni. Kila mkuu wa shule aliposimama mbele yetu alitamka maneno mawili yakifuatana, kama mtu na pacha wake: taaluma na michezo. Sisi hapa tunajenga taaluma na michezo. Niliyapenda maneno hayo. Niliyasema hata nyumbani, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeajiriwa pale.

Nilikuwa siachi kikao cha wazazi hata kimoja. Nilivaa koti, nikakaa kiti cha mbele, katikati ya madaktari na mameneja wa benki. Waliniita "mzee wetu". Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hasira yangu yote inaanzia hapo, na nikisema habari za wengine bila kusema zangu nitakuwa mnafiki.

Mjukuu alikuwa kidato cha kwanza. Tulikuwa bwaloni, Jumamosi, wazazi tumejaa. Mkuu wa shule, mtu wa Bukoba mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akasimama akatueleza kwamba shule inashuka kwenye orodha ya mkoa kwa sababu ya watoto wachache wanaoshusha wastani. Akapendekeza utaratibu. Mtoto akimaliza kidato cha tatu akiwa chini ya alama arobaini na tano, mtihani wa taifa wa kidato cha nne asiufanye kwa jina la shule yetu. Aandikishwe kituo kingine.

"Hatuwafukuzi, wazazi wangu," akasema. "Watalala hapa, watakula hapa, watasoma hapa. Namba ya mtihani tu ndiyo itakuwa kwingine."

Watu wakaguna. Nyuma kabisa akasimama mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Mabatini. Namfahamu, kwa sababu mke wangu hununua kwake. Akauliza swali moja tu: "Na mtoto mwenyewe atajisikiaje?"

Mkuu alikuwa anatafuta la kujibu. Mimi nikamwokoa. Nikasimama na koti langu, nikasema, "Jamani, mimi kazi yangu ni kokoto. Kokoto lazima ipite kwenye chekecheke. Nzuri inabaki juu, vumbi linaanguka chini. Hakuna tajiri anayejenga ghorofa kwa vumbi!"

Bwalo zima likacheka. Wakapiga makofi. Meneja mmoja akanipiga begani, "Mzee umemaliza kikao." Mkuu akasema wanaokubali wanyooshe mikono, na wa kwanza hewani ulikuwa wangu. Nilirudi nyumbani nimejaa kama puto. Yule mama wa dagaa sikumwangalia tena.

Basi. Miaka ikaenda, na mtoto wetu akaanza kukimbia.

Hakuna aliyemfundisha kwanza. Alikuwa na miguu ya bibi yake mkubwa, mama yangu, ambaye alikuwa akitembea hadi mnadani akiwa na mzigo kichwani na kurudi kabla jua halijachoma. Mwalimu wa michezo alimwona anakimbia kuwahi foleni ya chakula, akamtoa kwenye foleni akamweka uwanjani. Mita elfu moja na mia tano ndiyo ikawa yake. Kidato cha pili alileta kikombe cha wilaya. Kidato cha tatu alileta cha mkoa. Nilikwenda kumtazama siku ile ya mkoa. Wenzake walianza kwa kasi na fujo. Yeye alikaa nyuma, ametulia, kama mtu anayesindikiza wageni. Mzunguko wa mwisho akawapita mmoja mmoja kwa adabu. Mkuu wa shule alinikumbatia pale uwanjani mpaka miwani yake ikaanguka.

"Mzee, huyu ni hazina yetu!"

"Yetu" alisema. Likumbukeni neno hilo.

Hazina ikapelekwa kambini. Shule ilipoingia mashindano makubwa, wakimbiaji walitolewa darasani wiki tatu wakajifue, kisha wakaenda kushindana, kisha wakarudi wamechoka. Mwaka ule wa kidato cha tatu walimtoa mara mbili. Akirudi anakuta wenzake wa kemia wako ukurasa mwingine kabisa. Aliniambia wakati wa likizo, "Babu, fizikia nimeikuta imeondoka." Nikamwambia atulie, walimu watamfidia masomo, ndiyo maana wanasema taaluma na michezo. Aliomba vipindi vya ziada. Aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka ukamkuta anasubiri.

Alipata wastani wa arobaini na tatu.

Barua ililetwa mwezi wa Desemba. Aliyenisomea ni mke wangu, kwa sababu miwani yangu ilikuwa kwenye lori. Akasoma taratibu: shule inasikitika, shule inampenda mtoto, shule itamwandikisha kituo kingine kwa mtihani wa taifa. Chini kabisa, mstari wa mwisho, shule inamkumbusha arudi na raba zake kwa ajili ya maandalizi ya riadha.

Nilimwambia mke wangu airudie hiyo ya mwisho. Akairudia. Ilikuwa ni ile ile.

Nilipanda kilimani asubuhi iliyofuata. Nilikuwa sijanywa chai, na mimi bila chai si mtu. Ofisi ya mkuu ina kuta mbili ambazo nilikuwa nimeziona mara nyingi bila kuziona. Ukiingia, upande wa kushoto kuna ubao wa matokeo, majina ya waliofaulu yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Upande wa kulia kuna kabati la kioo lenye vikombe. Katikati ya vikombe kuna picha ya mjukuu wangu, amevaa namba kifuani, mdomo wazi, anakata utepe. Kwa hiyo kulia yupo. Kushoto hawamtaki. Mkuu alikuwa amekaa katikati.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sikuja kwa salamu. Nyinyi watu wa Bukoba mnazaliwa na kalamu mkononi, nieleze basi hii mliyoandika."

Akacheka kidogo, akadhani ni utani tuliouzoea. Akaona sicheki, akakaa vizuri. "Mzee, hatumfukuzi. Atabaki bwenini, atabaki darasani, atabaki nahodha wa riadha. Mwezi wa sita, kwenye mashindano, tunamtegemea sana."

"Mwezi wa sita ni wenu."

"Ni wetu, ndiyo."

"Na Novemba?"

Akashika kalamu, akaiweka. "Novemba atafanya mtihani kituo kingine. Ni namba tu, mzee."

"Basi na miguu iwe na namba ya kwingine. Miguu yake mnaitaka, kichwa chake mnakionea haya. Nani alimtoa darasani?"

"Michezo ina ratiba yake. Mzee, naomba tusichanganye. Hii ni taaluma, ile ni michezo."

"Mtoto ni mmoja!" Nilipiga meza. Vikombe vikalia ndani ya kabati. "Jumapili moja mchungaji wenu aliwahubiria habari ya kondoo mmoja aliyepotea, mchungaji akaacha wote akamtafuta. Mjukuu wangu alinisimulia. Nyinyi mnamfuata huyo kondoo mkimkuta ana sufu mnamnyoa, kisha mnamwambia zizi lake liko kwingine!"

Hapo mkuu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisimama, akafungua kabati la chuma, akatoa jalada, akapekua. "Mzee wangu, kwa heshima yote, naomba nikusomee muhtasari wa kikao." Akasoma: mzazi mmoja, mmiliki wa machimbo ya mawe, aliunga mkono hoja, akatoa mfano kwamba kokoto hupita kwenye chekecheke, nzuri ikabaki juu na vumbi likaanguka chini, na kwamba hakuna tajiri anayejenga ghorofa kwa vumbi. Alikuwa ameyaandika vizuri kuliko nilivyoyasema. Wazazi wakacheka na kupiga makofi, na hilo nalo alikuwa ameliandika.

"Ni wewe, mzee?"

Ningeweza kumwambia muhtasari ni uongo. Watu wengi wangesema hivyo. "Ni mimi," nikasema, nikavaa kofia nikatoka. Nilishuka kile kilima kwa miguu mpaka chini, bajaji zinanipigia honi, sisikii.

Mjukuu alikuwa uani, anasugua raba zake kwa mswaki wa zamani. Hakusimama. Alisema, "Shikamoo babu. Wamesemaje?"

"Wamesema ni sheria."

"Sheria hiyo ilipitaje?"

"Kwa mikono. Wazazi walinyoosha."

"Na wewe?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria. Wote wawili wakanitazama. Kuna siku mtu anatamani awe amevunjika mkono utotoni.

"Wa kwanza," nikasema.

Akaendelea kusugua kiatu kile kile, kilichokwisha kutakata. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Babu, unajua shuleni wanaitwaje, wale wanaoandikishwa kwingine?"

"Wanaitwaje?"

"Vumbi. Wakipita bwaloni watu wanajifuta mabega, hivi." Akajifuta bega kunionyesha. "Hata mimi nilikuwa nawafanyia."

Sikuwa nimejua. Neno langu lilitoka bwaloni siku ile midomoni mwa wazazi waliocheka, likaingia kwenye magari yao, likafika mabwenini. Lilikuwa limekaa kule miaka miwili likila watoto wa watu, nami nalala usingizi.

Mke wangu aliweka sufuria chini. "Ulitaka kupigiwa makofi na wasomi," akasema. "Si walikupigia?"

Nikavua kofia nikaishika. Yeye ndiye mtu pekee duniani ninayeshindwa kumjibu.

Kikao cha wazazi kilichofuata kilikuwa Januari, shule inafunguliwa. Niliomba nafasi ya kuzungumza. Nilivaa lile lile koti. Niseme ukweli, sijawahi kuogopa jiwe, hata lile lililomuua mwenzangu mbele ya macho yangu sikuliogopa kesho yake. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema nilikosea, hilo sikuwa nimelifanya tangu nizaliwe. Sikujua linaanzia wapi.

Nikaanzia kwenye kazi. "Wazazi, miaka miwili imepita tangu niliposimama hapa nikawaambia habari za chekecheke. Niliwadanganya. Niliwadanganya kuhusu kazi yangu mwenyewe, ninayoijua kuliko ninavyojua sala. Lile vumbi linaloanguka chini hatulitupi. Hakuna mpasua mawe anayelitupa. Tunalifyatulia tofali, na tofali zake ni ngumu kuliko za mchanga. Bweni la wasichana, lile nyuma ya kanisa, ni vumbi la machimbo yangu kuanzia msingi mpaka lenta. Watoto wenu wamelala ndani ya vumbi miaka yote hii, na halijamwangukia hata mmoja. Nililijua hilo siku ile. Sikulisema kwa sababu lisingewachekesha."

Hapakuwa na kofi hata moja. Nikaomba utaratibu ule uondolewe, mtoto aliyesoma hapa afanye mtihani hapa. Nikakaa.

Nyuma akasimama yule mama wa dagaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Siku ile niliuliza swali humu ndani. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Niliuliza mtoto atajisikiaje. Wewe ukanijibu habari za ghorofa." Hakupaza sauti. Mtu anayeuza sokoni ana sauti ya kufika mbali bila kuipaza. "Mwanangu ndiye waliyemchekecha mwaka uliofuata. Alifanya mtihani shule ya kata. Asubuhi anashuka na sare ya hapa, akifika kwenye jiwe kubwa pale chini anajificha, anavua shati la hapa, anavaa la kule. Akirudi hivyo hivyo. Siku zote za mtihani. Mimi nilikwenda kumpelekea uji, nikamkuta amesimama kifua wazi nyuma ya jiwe kama mwizi. Nilirudi na uji wangu. Sikutaka ajue nimemwona. Leo mzee limefika mlangoni kwako, ndiyo limekuwa kosa?"

Bwalo zima likageuka kunitazama. Walitaka nijitetee. Mimi ni hodari wa kujitetea.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Limefika kwangu ndipo nimeliona. Sina jibu lingine. Nisamehe, na umwambie mwanao nimeomba msamaha."

"Utamwambia mwenyewe," akasema. "Mkono nitanyoosha. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya huyo binti."

Mkuu akasema wanaotaka utaratibu uondolewe wanyooshe. Ukanyooka wa mama wa dagaa, wangu, wa mzee mmoja mstaafu wa reli, na mingine michache ya viti vya nyuma. Viti vya mbele, vile vya makoti, mikono ilikuwa mapajani. Meneja aliyenipiga begani mwaka ule aliinama akaninong'oneza, "Mzee nisamehe, wangu ana wastani mzuri." Yaani mtu anakuambia kabisa, waziwazi, kwamba jambo ni baya lakini halijamfikia! Na huyu ndiye ninayekaa naye kanisani benchi moja! Nilitaka kumtukana. Kisha nikakumbuka kwamba kiti anachokalia nilikikalia mimi, na kwamba yeye walau aliomba radhi kabla halijamfika.

"Wengi wape," akasema mkuu, akaendelea na ajenda ya ukarabati wa vyoo.

Nyumbani nilitangaza kwamba mtoto hatarudi kule, na kwamba nitafanya hivi na vile, na magazeti yatajua. Mke wangu akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Umeshampigia kura mara mbili. Hebu sasa muulize mwenyewe."

Sikuwa nimemuuliza. Haki ya Mungu, si kwamba sikumjali. Haikunijia kichwani. Nikamuuliza.

Alifunga kamba za raba zake taratibu, kama anavyokaa nyuma kwenye mbio zake. "Nahama," akasema. "Lakini nihame mzima. Nikasome kule nitakakofanyia mtihani. Sitaki kubadilisha shati njiani."

Akahamia shule ya kata huku Mabatini. Madawati yalikuwa machache, walimu wachache, uwanja una mteremko upande mmoja. Mwalimu wa fizikia wa pale, hata hivyo, alikaa naye kila siku baada ya vipindi mpaka ile fizikia iliyoondoka ikarudi. Hakutaka hata soda. Mimi nikawa nafikiri jambo limekwisha. Nilikuwa sijui kwamba lililo gumu lilikuwa njiani.

Siku chache kabla ya uandikishaji wa mtihani kufungwa, mwalimu wa michezo wa shule ya kilimani alikuja nyumbani kwa bodaboda. Ni mtu mwema, siwezi kumsema vibaya. Alibeba mfuko. Ndani kulikuwa na trakisuti mpya ya bluu, jina la mjukuu wangu limeshonwa mgongoni kwa uzi mweupe.

"Shikamoo babu. Nimetumwa na mkuu. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Namba irudi. Ataandikishwa pale kwetu, kwa jina la shule. Kwa sababu maalumu. Arudi tu Jumatatu, kwa sababu maandalizi ya mkoa yanaanza."

Nawaambia ukweli wangu. Moyo uliruka. Ndicho nilichopandia kilima kukidai, ndicho nilichojidhalilishia bwaloni, na sasa kimeletwa mlangoni kimefungwa kwenye mfuko. Maabara, kanisa, ubao wa dhahabu. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mke wangu alinitazama mara moja tu. Nikaikalia mikono yangu. Naam, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, mzee mzima.

Mjukuu aliishika ile trakisuti. Aliipitisha kidole juu ya jina lake. Aliipenda, nani asiyejua? Bado ni mtoto.

"Mwalimu," akasema, "na wenzangu? Wale wengine wa chini ya arobaini na tano?"

Mwalimu akakuna shingo. "Wenzako hawakimbii, mwanangu."

Akaikunja. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akaukunja na mgongo, jina lake likawa ndani. Akairudisha kwenye mfuko, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa.

"Mwambie mkuu nashukuru. Na wewe nakushukuru sana, mwalimu. Tutaonana mstarini."

Mwalimu aliupokea mfuko. Alipopanda bodaboda alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshindwa na mwanafunzi wake mwenyewe.

Mke wangu akasema, "Ng'wanawane," maana yake mwanangu, na akaingia ndani kupika. Mimi nilibaki nimekalia mikono mpaka ikafa ganzi.

Mwezi wa sita mjukuu alikimbia na fulana ya shule ya kata, rangi imepauka. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alitoka wilaya nyingine, binti mwembamba kama fimbo, na alistahili. Shule ya kilimani haikuwa na mtu kwenye mbio zile. Mkuu alikuwepo jukwaani. Safari hii miwani yake haikuanguka.

Wiki hii ninapoandika haya, yuko ndani ya chumba cha mtihani. Anatoka nyumbani na shati moja na anarudi na hilo hilo. Atapata nini sijui. Sitadanganya watu kwamba Mungu atampa ya juu ili kuwakomoa wale. Kule kilimani utaratibu bado upo, na mwaka huu pia kuna watoto wanaovua mashati nyuma ya jiwe. Nimekwenda kumwomba msamaha yule kijana wa mama wa dagaa. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme. Alinisikiliza, akasema, "Sawa mzee," akaendelea kupima waya. Sikustahili zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita shule ya kata nayo iliita kikao cha wazazi. Nilikwenda bila koti. Mwenyekiti akaleta pendekezo: watoto wanaoelewa polepole watengewe chumba chao kule nyuma, ili wasiwacheleweshe wenzao. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaanza kunyoosha kabla hajamaliza. Mimi nikasimama na mkono wangu nimeuweka mfukoni. Nikauliza, "Na mtoto mwenyewe atajisikiaje?"

Mwenyekiti akatazama saa. "Mzee, unachelewesha kikao."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimekuja kukichelewesha."